Sura ya Sita: Majuma Matatu Kabla ya Meza ya Tabibu

Katika maradhi ya moyo ambayo utabibu wa zama zetu umejaaliwa kuyapatia tiba, ni machache ambayo kazi ya kuyaponya imegawanyika baina ya tabibu na mgonjwa kama maradhi ya mapigo yaliyokwenda mrama. Kwani tabibu hufanya sehemu yake kwa saa chache, mbele ya mitambo ya thamani kubwa na wasaidizi waliosomea, ilhali mgonjwa hufanya yake kwa majuma mazima, nyumbani kwake, kwa kidonge na bilauri ya maji, pasipo shahidi isipokuwa Mola wake na watu wa nyumba yake. Aghalabu watu huihesabu sehemu ya tabibu kuwa ndiyo tiba, na ile ya mgonjwa kuwa ni ada tu ya kungojea zamu. Rai ya sura hii ni kinyume cha hayo: kwamba dawa ya kuzuia damu isigande, imezwayo kabla ya moyo kutiwa mrija, ni sehemu ya matibabu yenyewe, na kwamba salama ya mgonjwa huamuliwa nyumbani kwake kabla haijaamuliwa hospitalini.

Natuitazame habari hii kutoka Gando, kaskazini-magharibi ya mji wa Wete katika kisiwa cha Pemba, ambako watu huishi kwa karafuu, muhogo na bahari. Mtu wa Gando aliyeambiwa kwamba moyo wake wahitaji matibabu ya namna hii hana budi kushuka Wete, apite Chake Chake, ateremke hadi bandari ya Mkoani iliyo kusini ya kisiwa au apande ndege katika uwanja wa Karume, afike Unguja, kisha avuke tena hadi Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika viwanja vya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambako upasuaji wa moyo ulikuwa umeanza mwaka 2008. Waliotangulia kuugua kabla ya hapo, waliobahatika kupata msaada, walipelekwa India. Katika miaka ya karibuni taasisi hiyo imeanza pia kutibu hitilafu za umeme wa moyo kwa mrija upitao ndani ya mshipa. Basi safari imefupika sana, lakini haikufupika kiasi cha mtu kwenda na kurudi kila anapoingiwa na shaka juu ya kidonge, na kwa hiyo mgonjwa wa Gando ahitaji kuielewa dawa yake zaidi ya yule akaaye jirani na hospitali.

Moyo wa binadamu una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na kila pigo huanza kwa cheche ndogo ya umeme itokayo sehemu ya juu ya chumba cha juu cha kulia, ikaenea kwa utaratibu, vyumba vya juu vikajikunja kwanza na kuvimiminia vya chini, kisha vya chini vikajikunja na kuisukuma damu mapafuni na mwilini. Yanapoingia maradhi haya, ambayo matabibu huyaita fibrilesheni ya atria, cheche huwaka ovyo katika vyumba vya juu, mamia kwa kila dakika, visiweze kujikunja bali vikawa vyatetema tu. Mwenye moyo huo huhisi kifua kikimwenda mbio bila mpango, pumzi ikamwia fupi akipanda kilima au akitwanga, na wako wasiohisi lolote kabisa. Hatari kubwa, hata hivyo, haimo katika mbio hizo. Damu iliyotuama huganda, na katika chumba cha juu cha kushoto kuna kijifuko chembamba chenye mikunjo, ambamo damu hutuama pindi chumba kinapoacha kujikunja. Uchunguzi uliokusanywa mwaka 1996 ulionyesha kwamba, kwa wagonjwa ambao valvu za moyo wao hazikuharibiwa na homa ya baridi yabisi, asilimia 91 ya madonge yaliyoonekana katika chumba hicho yalikuwa ndani ya kijifuko hicho; na kwa wale ambao valvu zao zimeharibika ilikuwa asilimia 57, mengine yakiwa yametanda chumbani penyewe. Donge likichomoka hufuata mkondo wa damu, na mara nyingi huishia katika mshipa wa ubongo. Hicho ndicho kiharusi, ambacho, kwa mujibu wa hesabu mashuhuri iliyotolewa mwaka 1991 kutokana na uchunguzi wa wakazi wa Framingham huko Marekani, humpata mwenye maradhi haya takriban mara tano zaidi ya asiyekuwa nayo.

Matibabu ya kuunguza, ambayo hospitalini huitwa ablesheni, yalipata msingi wake mwaka 1998, pale Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walipochunguza wagonjwa 45 na kugundua kuwa asilimia 94 ya vyanzo vya cheche potofu vilikuwa ndani ya mishipa iletayo damu kutoka mapafuni. Tangu hapo kazi imekuwa ni kuizingira midomo ya mishipa hiyo. Mrija huingizwa katika mshipa wa paja, ukapandishwa hadi chumba cha juu cha kulia, ukatobolewa ukuta mwembamba utenganishao vyumba viwili vya juu, na ncha yake ikaunguza kwa joto, au ikagandisha kwa baridi kali, duara ya makovu ambayo umeme hauwezi kuivuka.

Mwenye akili ya kawaida, asikiapo kwamba mshipa utatobolewa na ukuta wa moyo utatobolewa, huona upesi kwamba dawa izuiayo damu isigande ndiyo adui wa kwanza wa kuepukwa. Lakini hoja hiyo imekosa nusu ya habari. Kwanza, donge laweza kuwa limekwisha kuumbika katika kijifuko kabla mgonjwa hajaondoka kwao, na mrija uingiao humo waweza kulichomoa. Pili, kila mahali palipounguzwa hugeuka kidonda kibichi ndani ya moyo, na damu hupenda kuganda juu ya kidonda. Mrija wenyewe nao ni kitu kigeni ambacho damu hukigandia. Tatu, na hili ndilo huwashangaza wengi, chumba kilichotetema kwa miezi au miaka, kikirudishiwa mapigo ya sawasawa, hakirudi siku hiyo hiyo katika nguvu zake, bali hukaa majuma kadhaa kikiwa kimepigwa na bumbuwazi, umeme wake ukiwa mzima na misuli yake ikiwa bado mizito. Kwa sababu hizo tatu mashauri ya mabingwa ni kwamba mgonjwa awe ametumia dawa barabara kwa muda usiopungua majuma matatu kabla ya kuunguzwa, na kama kuna shaka yoyote, atazamwe kwanza kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kiteremshwacho kooni, ambacho hukiona kijifuko kile kwa karibu kuliko kipimo cha juu ya kifua. Donge likionekana, kazi huahirishwa.

Inafaa kueleza hapa, ili mtu asije akajipimia kwa kipimo cha jirani yake, kwamba si kila ablesheni ina sharti hili. Wako vijana waliozaliwa na njia ya ziada ya umeme baina ya vyumba vya juu na vya chini, mapigo yao yakawa hupanda ghafula na kushuka ghafula. Aghalabu hao vyumba vyao vya juu havitetemi kwa muda mrefu, na wengi wao hawahitaji dawa hizi kabla. Ikiwa kijana wa namna hiyo atarudi Gando akasema, «Mimi sikumeza kitu, nikalala na kuamka mzima,» maneno yake ni kweli kwake, na yaweza kuwa mauti kwa mwenzake.

Palikuwa na wakati ambapo matabibu wenyewe waliiafiki hoja ya kuacha. Mgonjwa aliambiwa aiache warfarini, kidonge cha kuzuia damu isigande, siku chache kabla, akachomwa chini ya ngozi sindano za heparini, dawa nyingine ya kazi hiyo, kuziba pengo, kisha akaanza upya. Mwaka 2014 Luigi Di Biase na wenzake walitangaza matokeo ya kulinganisha njia mbili kwa wagonjwa 1,584: waliosimamishiwa warfarini na wakachomwa sindano, asilimia 4.9 kati yao walipatwa na kiharusi au dalili zake za kupita. Walioendelea nayo bila ya kukatiza walikuwa asilimia 0.25. Ajabu zaidi ni kwamba hata kutokwa na damu kudogo kudogo kulikuwa kuchache kwa wasioacha kuliko kwa walioacha. Tangu hapo desturi imegeuka, na kwa dawa mpya pia, kama dabigatrani, rivaroksabani na apiksabani, wagonjwa huendelea nazo, au huruka dozi moja tu asubuhi ya siku yenyewe, kwa mujibu wa utaratibu wa hospitali inayohusika.

Habari hii ikiyapita masikio ya mgonjwa, taabu yote ya safari yaweza kwenda bure. Tumtie mawazoni bibi mmoja wa Gando, amefika Dar es Salaam na mjukuu wake, amelazwa, na jioni daktari kijana ampitia kitandani. «Shikamoo, bibi. Dawa yako ya damu umemeza mara ya mwisho lini?» Bibi ajibu kwa furaha ya mtu aliyejitengenezea mambo: «Marahaba, mwanangu. Nimeiacha tangu Jumatatu, nisije nikakuchafulieni kazi kwa damu.» Daktari humtazama mjukuu, mjukuu hutazama chini, na kesho yake badala ya meza ya matibabu huja sindano ya kupima damu, kipimo cha koo, na pengine majuma mengine matatu ya kukaa kwa jamaa Temeke. Bibi hakukosa adabu wala akili; alichokosa ni mtu wa kumwambia, kabla hajaondoka kwao, kwamba safari hii dawa haiachwi mpaka aambiwe na yule atakayemtia mrija.

Dawa yenyewe ina nasaba ya ajabu, nayo ilianzia zizini. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini ya Marekani walianza kufa kwa kutokwa na damu baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa, na Frank Schofield, tabibu wa wanyama katika jimbo la Ontario, akathibitisha kuwa sababu ni malisho yaliyovunda kwa unyevu. Februari mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri katika dhoruba ya theluji akiwa na mtamba aliyekufa, chombo cha damu isiyoganda na mzigo wa majani yale, akavipeleka mbele ya Karl Paul Link, mwanakemia wa chuo kikuu cha jimbo hilo. Na baada ya kazi ya miaka, Link na wanafunzi wake wakaitoa katika majani kemikali iliyozuia damu kuganda. Ndugu wa kemikali hiyo, aliyetengenezwa baadaye na kupewa jina la warfarini kutokana na herufi za mfuko uliogharimia utafiti wao, aliuzwa mwaka 1948 kuwa sumu ya panya, akaidhinishwa mwaka 1954 kuwa dawa ya binadamu, na mwaka 1955 akapewa Rais Eisenhower wa Marekani aliposhikwa na moyo. Kwa hiyo anayetishwa kijijini kwa maneno kwamba anameza sumu ya panya ameambiwa jambo lenye asili ya kweli. Lililoachwa katika maneno hayo ni kipimo, na kipimo ndicho kitu pekee kitenganishacho dawa na sumu.

Kipimo hicho hupatikana kwa njia hii. Ini la mwanadamu hutengeneza viungo kadhaa vya kugandisha damu kwa msaada wa vitamini K, iliyogunduliwa na Henrik Dam wa Copenhagen alipowaona vifaranga wakitokwa na damu kwa upungufu wake, ugunduzi uliompatia tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 pamoja na Edward Doisy. Nayo warfarini huizuia vitamini hiyo isitumike tena na tena. Kwa kuwa miili hutofautiana, mtu mmoja hutosheka kwa miligramu 2 na mwingine hazimtoshi 7, damu hupimwa kwa kiwango kiitwacho INR, ambacho kwa asiyetumia dawa ni karibu na 1, na kwa mgonjwa wa maradhi haya hutakiwa kiwe baina ya 2 na 3. Chini ya 2 donge laweza kuumbika. Kikipanda juu mno damu yaweza kuvuja. Wala dawa haitii amri papo hapo: kidonge cha leo huonekana katika kipimo cha siku mbili tatu zijazo, na kidonge kilichosahauliwa vivyo hivyo. Ndiyo maana majuma matatu yahesabiwayo si majuma matatu ya kumeza tu, bali majuma matatu ya kumeza na kipimo kikawa mahali pake, na mgonjwa ambaye karatasi yake yaonyesha 1.4 wiki moja kabla ya safari ajue kwamba hajawa tayari, hata kama hakukosa kidonge hata kimoja.

Hapa jiko la Gando laingia katika utabibu. Kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa nazi, mchicha, matembele na majani ya kunde vyote vina vitamini K kwa wingi, na mgonjwa akivila leo sufuria nzima na kuviacha juma zima, kipimo chake kitapanda na kushuka kwa sababu ambayo daktari hatoiona katika karatasi yoyote. Wako wanaokatazwa mboga moja kwa moja, na katazo hilo ni dhuluma kwa mtu ambaye mboga ndiyo kitoweo chake. Mashauri yaliyo sahihi ni kwamba ale kiasi kilekile alichozoea, kisipungue kwa hofu wala kisizidi kwa msimu, na dozi ya dawa ipangwe kwa kuifuata sahani yake. Mjukuu akataye kidonge cha miligramu 5 kwa kisu juu ya kisahani, nusu aiweke katika karatasi ya kesho, aandike siku katika kalenda ya ukutani, kisha aseme, «Bibi, ya leo ni nusu,» amefanya kazi ambayo hakuna mtambo wa mjini utakaoifanya kwa niaba yake.

Dawa mpya nilizozitaja hazihitaji kupimwa INR wala hazigombani na kisamvu, na kwa mzee ambaye moyo wake umeharibiwa na shinikizo la damu au umri, ndizo ambazo matabibu huzipendelea wanapoweza kuzipata. Lakini katika nchi zetu wako wagonjwa wengi wa makamo, na wanawake kuliko wanaume, ambao valvu zao ziliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi iliyoanza kwa maumivu ya koo. Kwa hao, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022, uliowahusu watu zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kinyume cha matarajio ya wengi: waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Na mwenye valvu ya chuma hana khiari kabisa, ni warfarini maisha yake yote. Fauka ya hayo, mwanamke aliye katika umri wa kuzaa amwarifu tabibu mapema akitarajia au akishuku mimba, kwani warfarini yaweza kumdhuru mtoto, na hasa katika miezi ya mwanzo.

Siku yenyewe ikifika, mgonjwa hupewa dawa nyingine ndani ya mshipa, nayo ni heparini, iliyogunduliwa mwaka 1916 na Jay McLean, mwanafunzi wa utabibu huko Baltimore, katika ini la mbwa. Heparini ya leo kwa sehemu kubwa hutolewa katika matumbo ya nguruwe, na katika kisiwa cha Waislamu kama Pemba si haki kulificha jambo hilo mpaka mgonjwa alisikie kwa mtu wa kando akiwa amekwisha kulazwa. Fiqhi ina kanuni yake mashuhuri kwamba dharura huhalalisha yaliyoharimishwa, na wanazuoni wa zama hizi wamejadili pia kama kitu kilichogeuzwa dhati yake chabaki na hukumu yake ya asili. Mwenye dukuduku amwulize sheikh wake na tabibu wake mapema, ili aingie katika matibabu moyo wake umetua. Kazi ikimalizika, heparini huweza kubatilishwa kwa protamini, ambayo asili yake ni manii ya samaki aina ya samoni. Kwa hiyo mtu ambaye akila samaki huvimba midomo au kubanwa na pumzi, jambo zito katika kijiji cha wavuvi, na aliseme kabla na si baada.

Baina ya kuandikiwa dawa na kuitwa Dar es Salaam, maisha ya kijiji huendelea, na humo zimo hatari ambazo karatasi ya hospitali haizitaji. Msimu wa karafuu ukiingia kila mwenye nguvu hupanda, na kuanguka mkarafuuni, ambako hata kwa mzima ni msiba, kwa mwenye dawa hii kwaweza kuwa kuvuja damu ndani ya fuvu bila jeraha la kuonekana; basi majuma haya na aachiwe kazi ya kuchambua na kuanika majamvini, wengine wapande. Kupigwa chuku, ambako wengi hukufanya kwa nia ya kufuata suna, kuahirishwe mpaka tabibu aidhinishe. Sindano za matakoni huacha uvimbe wa damu ndani ya msuli, basi anayechomwa aseme kwanza anatumia nini. Vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na aspirini, vinunuliwavyo dukani kama peremende, huzidisha kutokwa na damu. Metronidazoli na kotrimoksazoli hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Mafuta ya karafuu yenyewe, tone moja juu ya jino si neno, lakini kuyanywa kwa vijiko kama dawa ya tumbo ni jambo la kuacha, kwani kiini chake, katika majaribio ya maabara, huzidhoofisha chembe zigandishazo damu.

Mwezi wa Ramadhani nao una hesabu yake. Anayemeza warfarini mara moja kwa siku humeza baada ya kufuturu, na rivaroksabani, ambayo hutakiwa imezwe pamoja na chakula, hupata futari kuwa wakati wake mwema. Apiksabani humezwa mara mbili. Na kwa kuwa Pemba iko karibu nyuzi tano tu kusini ya ikweta, baina ya futari na daku huwa kiasi cha saa kumi mwaka mzima, pengo ambalo matabibu wengi huliridhia, tofauti na jamaa za mgonjwa waliohamia kaskazini ya Ulaya, ambao usiku wao wa kiangazi hauzidi saa chache. Ala kulli hali, mgonjwa ana ruhusa ya sheria kula na kulipa, na majuma matatu ya maandalizi si wakati wa kuonyesha ushujaa.

Kisha ni safari. Dawa ikae katika mkoba wa mkononi pamoja na karatasi za INR, isitiwe katika mzigo unaoshushwa kwa kamba. Na kwa kuwa bahari ya Pemba huwatapisha hata wazoefu, kidonge kimezwe jioni ya kuamkia siku ya safari na si saa moja kabla ya kupanda chombo. Dalili za hatari ni zilezile nchi kavu na majini: mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, ufizi usiokoma kutoka damu, kichwa kuuma ghafula kwa ukali usiozoeleka, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu. Mwenye lolote kati ya hayo na apelekwe Wete au Chake Chake saa ileile, aseme jina la dawa yake kabla ya kitu kingine.

Mgonjwa akirudi salama, mapigo yake yakiwa yametulia, hapo ndipo huzuka kishawishi cha pili, cha kuona kwamba dawa imemaliza kazi. Mabingwa hutaka iendelee kwa muda usiopungua miezi miwili hadi mitatu baada ya kuunguzwa, mpaka makovu yapone na chumba kirudie nguvu zake. Na baada ya hapo uamuzi wa kuacha au kutoacha haufuati mapigo, bali hufuata hatari ya kiharusi aliyo nayo mtu: umri wake, shinikizo la damu, kisukari, kiharusi kilichopita, na hali ya valvu. Wengi wataendelea. Aidha, homa, maumivu ya kumeza au dalili za kiharusi zikitokea hata majuma kadhaa baada ya kurudi kijijini, zihesabiwe kuwa ni za matibabu yale mpaka ithibitike vingine, kwani mara chache sana kidonda cha moyo hutoboka hadi njia ya chakula, na kuchelewa hapo ni mauti.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu tumezoea kupima maendeleo ya utabibu kwa majengo na mitambo, na kila mtambo mpya ufikapo Dar es Salaam tuna haki ya kufurahi. Lakini mtambo huo hauna la kumfanyia mtu aliyefika kwake na damu isiyoandaliwa. Penye kipimo cha INR cha uhakika huko Wete, muuguzi wa zahanati ajuaye kubadili dozi kwa simu na bingwa wa mjini, duka la dawa ambalo halikosi vidonge katikati ya mwezi, na kijana wa nyumbani aliyefundishwa kuhesabu siku, hapo ablesheni ya mtu wa Gando imekwisha kuanza kwa usalama. Pasipokuwa na hayo, kujenga chumba kingine cha mitambo ni kuongeza idadi ya watakaorudishwa kutoka mlangoni. Basi serikali ipangapo bajeti ya moyo, na familia ipangapo nauli, pande zote mbili zianzie kwenye majuma hayo matatu.